Kanuni ya Kumi na Mbili

Karatasi iliyotoka kwenye fotokopi sasa hivi ina harufu yake, na ina joto kidogo, ukiishika utadhani imetoka kupigwa pasi. Wiki iliyopita mwalimu wa shule atakayosoma binti yangu Ornella, upande huu wa Mushasha, hapa Gitega, alinipa karatasi ya namna hiyo. Kurasa mbili zimebanwa na pini, juu muhuri, chini mstari wa kusaini mzazi. "Mama Ornella, hii ni reglema," akasema. "Mutasoma nyumbani, musinye, muturudishie siku ya kufungua." Nikasema merci, nikatoka. Kabla sijafika barabarani jasho lilikuwa limeshanishika mgongoni, mimi mtu mzima mwenye kazi na mume, kwa sababu ya kanuni za shule ya msingi.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilipita sokoni ambako sikuwa na cha kununua, nikashika nyanya, nikaziacha, wauzaji wakaanza kuniangalia vibaya. Nyumbani kwangu, mtaa wa Yoba, alikuwapo Mama. Alikuwa amekuja kutoka Muyinga ili amsindikize mjukuu wake siku ya kwanza ya shule, na nilijua kabisa kitakachotokea akiiona karatasi ile. Angefuta mikono. Angevuta kiti. Angesema, "Haya, nisomee."

Sijui nyie wenzangu wa rika langu mna aibu gani mliyotoka nayo utotoni. Najua wapo walioiba sukari, wapo waliomsingizia mdogo wao kuvunja chungu, na leo wanasimulia kwenye sherehe watu wanacheka. Yangu haichekeshi. Nimejaribu mara mbili kuisimulia kwa mume wangu nikaishia katikati, nikasema chakula kinaungua. Ngoja niiseme hapa.

Tulirudi Burundi nikiwa na miaka tisa. Nasema tulirudi kwa sababu ndivyo walivyotuandika, lakini mimi sikuwa nimewahi kuiona Burundi, na Mama mwenyewe aliondoka akiwa mgongoni kwa bibi. Alikulia Tanzania, akasoma huko mpaka darasa la saba, akalima huko, akaolewa huko, akamzika baba yangu huko. Kiswahili alikisoma na kukiandika vizuri sana, kwa mwandiko wa kulala ambao mimi sijawahi kuufikia. Kirundi alikisema, ila watu walikuwa wakimtazama mdomo anapokisema. Kifaransa hakujua hata neno. Tulipata kipande cha shamba kwenye mlima mmoja karibu na mji wa Muyinga, tukajenga nyumba ya matofali mabichi, tukapanda maharagwe na mihogo, na mwezi wa tisa Mama akanivalisha kaki mpya akanipeleka shule.

Wazazi wengine waliwaacha watoto mlangoni. Mama aliingia. Alivua kandambili zake kizingitini, akapita kati ya madawati akiwa ameniburuta mkono, mpaka mbele kabisa. Mwalimu Ferdinand alikuwa kijana mdogo tu, hata ndevu hazijajaa. Mama akapiga goti kidogo, kama alivyofundishwa kwao Tanzania kumheshimu mwalimu, akasema kwa sauti ile aliyokuwa akiimbia kanisani, "Shikamoo, mwalimu!"

Hakujibiwa. Mwalimu alibaki ameishika chaki juu. Mjini Muyinga wapo Waislamu wanaoongea Kiswahili kutwa nzima madukani mwao, lakini hata wao sikuwahi kuwasikia wakiamkiana hivyo, na kule kwetu mlimani ndiyo kabisa, lilikuwa jambo la ajabu. Mtoto mmoja wa nyuma akaliiga lile neno kwa sauti nyembamba. Darasa likaangua kicheko, watoto sijui sitini, sijui sabini. Mwalimu naye akacheka. Na Mama akacheka pamoja nao, akidhani wanafurahi kutupokea! Akalamba kidole, akanifuta uji uliokaukia pembeni mwa mdomo, mbele ya wote. "Nisomeshee vizuri, mwalimu," akasema. "Huyu ndiye macho yangu hapa."

Tangu siku hiyo sikuwa na jina. Niliitwa Shikamoo. Niliitwa hivyo njiani, bombani, hata siku ya Jumapili mbele ya kanisa. Nikichelewa kidogo kuingia darasani walikuwa wananipigia goti, safu nzima, na mwalimu anajifanya anafuta ubao. Ningeweza kuwachukia wale watoto, ilikuwa haki yangu. Nikamchukia Mama. Kwa akili yangu ya utoto niliona mambo hivi: sisi hatuchekwi kwa kuwa ni wageni, tunachekwa kwa kuwa Mama anaonekana. Mama akikaa mbali, mimi nitakuwa mtoto wa hapa kama wengine.

Wiki ya tatu tukapewa ile karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa, imepigwa muhuri wa buluu ambao wino wake ulikuwa haujakauka, kidole changu kikashika rangi. Mwalimu alitueleza kwa Kirundi kanuni moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, na mimi nikazishika vizuri kwa kuwa niliogopa kuulizwa. Tukaambiwa tuwasomee wazazi nyumbani, wasaini, turudishe kesho.

Nilimkuta Mama anachambua maharagwe. Alipoona muhuri alisimama. Nyie ambao hamkukulia kwenye maisha yale ya ukimbizi hamwezi kujua, lakini Mama aliogopa muhuri kuliko nyoka. Karatasi yenye muhuri ndiyo iliyosema mtakaa wapi, mtapewa unga siku gani, mtahama lini. Alifuta mikono kwenye kitenge, akavuta kigoda. "Haya, nisomee."

Kifaransa changu siku hizo kilikuwa bonjour, merci, na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza nikaanza kusema yale aliyosema mwalimu, huku nikikisogeza kidole kama ninayesoma kweli. Kaki iwe safi. Nywele ziwe fupi, msichana kwa mvulana. Kucha zikatwe. Jumatatu kila mtoto aje na mfagio, Ijumaa aje na bido la maji ya kuoshea vyoo. Mama alikuwa amechukua Biblia yake na penseli, anaandika kila kanuni kwenye ile karatasi nyeupe ya mwisho, polepole, midomo ikitembea. "Ngoja," anasema. "Mfagio Jumatatu. Haya, endelea."

Kanuni ya kumi na moja, ile ya kweli, ilisema kwamba mzazi ni lazima afike shuleni kwenye kila mkutano na siku ya kutangaza pointi. Nilipoifikia nikaacha kusogeza kidole. Niliona darasa zima limepiga goti. Kisha nikasikia sauti yangu inasema, "Kumi na moja. Mtoto asitumwe maji siku za shule." Hiyo niliiweka kwa kujaribu tu, kuona kama itapita. Mama akaiandika. Basi nikapata nguvu. "Kumi na mbili. Mzazi haruhusiwi kuingia ndani ya uzio wa shule. Akiingia, mtoto anafukuzwa."

Penseli ikasimama. Mama akaniegemea, akatazama karatasi. Namba alikuwa anazisoma, hilo sikulifikiria. "Mbona naona zinaishia kumi na moja?"

"Ya kumi na mbili haina namba, Mama. Ndiyo hii ya chini." Nikamwonyesha yale maneno madogo yaliyokuwa juu ya mstari wa kusaini.

Aliyatazama sana. "Hata kukuletea kitu?"

"Unasimama nje, mimi nakuja."

"Haya," akasema, akaandika. Halafu akasaini hapo hapo chini ya maneno niliyomwonyesha, kwa jina lake kamili.

Nilitegemea angeigundua kesho yake. Siku chache zilipita, wiki zikapita, sikugunduliwa. Mwezi wa kumi na mbili tulikuwa tunapalilia, wanawake wa mlimani kwetu wakapita njiani wamevaa nguo safi, wanakwenda kwenye mkutano wa wazazi. Mama Jeannette, jirani yetu, akasimama kumngoja Mama, mtoto mgongoni. Alikuwa mama wa mjini aliyeolewa huku mlimani, na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini Muyinga. "We hauendi? Leo iko réunion!" Mama akasema atamfuata. Alipoondoka, Mama akaegemea jembe.

"Wale wanakwenda wapi? Si ulisema wazazi hawaingii?"

Mnajua, ningeweza kusema nimekosea kusoma. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa mtoto, angenipiga vibao viwili yakaisha. Badala yake nikasema neno ambalo sijui lilitoka wapi, nikalisema bila kupepesa macho. "Wale ni wa hapa, Mama. Kanuni ile ni yetu sisi tuliotoka Tanzania. Mpaka karatasi zetu ziishe."

Nilikuwa nimejiandaa abishe. Angebisha ningelia, nikilia ningesema. Mama hakubisha. Alisema, "Aa, kumbe," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jambo analolijua tangu siku nyingi, akainamia maharagwe yake. Katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniamsha. Nilimdanganya kwa kitu ambacho maisha yake yote yalikuwa yamemzoesha kukiamini.

Basi akazishika kanuni zangu. Yemwe, alizishika! Kila siku ya shule alikwenda mwenyewe kuteka maji, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada ya shamba, na chemchemi ilikuwa bondeni kabisa, kupanda ule mlima na bido kichwani si mchezo. Mimi nilikuwa naketi mlangoni na daftari. Nikisahau mfagio, aliniletea mpaka kwenye uzio wa shule. Uzio wenyewe ulikuwa wa minyaa, ile miti ya vijiti vya kijani isiyo na majani, ukiivunja inatoa utomvu mweupe. Alisimama nje, akaniita kwa kukohoa, akaupitisha mfagio juu. Hakuwahi kuweka hata mguu mmoja ndani. Wakati mwingine nilimkuta amesimama hapo bila mfagio, bila kitu. "Nilikuwa napita," anasema. Hakukuwa na njia ya kupita kwenda popote upande ule.

Mwalimu akiniuliza mzazi wangu kwa nini haji kwenye mikutano, nilisema ana kazi nyingi. Akaandika kwenye daftari lake. Mwisho wa mwaka alinipa biletini yangu, ile karatasi ya pointi, mkononi, akaguna. Jina la Shikamoo likafifia taratibu, watoto wana haraka ya kusahau, wakapata mwingine wa kumcheka. Mimi nikaona dawa yangu imefanya kazi. Nilikuwa nasoma kwa bidii, nafaulu, na nilianza kuamini kwamba ni kwa sababu Mama hayuko.

Nilipofika darasa la sita alikuja direkta mpya wa shule, mama mmoja mwenye miwani na sauti kavu. Wiki moja kabla ya kutangaza pointi alitusimamisha uwanjani akasema mambo sasa yamebadilika: mwaka huu biletini haitoki bila mzazi. Mtoto asiye na mzazi, karatasi yake inabaki ofisini, na bila karatasi hiyo hakuna shule ya mbele itakayomwandikisha. Wiki nzima nilitafuta pa kuanzia. Nilifungua mdomo wakati Mama anapika, nikaufunga. Nilifikiri kumwomba Mama Jeannette asimame badala yake, nikaogopa mdomo wake. Mpaka asubuhi ya siku yenyewe sikuwa nimesema kitu.

Mama aliamka mapema kuliko mimi. Alikuwa ameazima imvutano kwa Mama Jeannette, vile vitambaa viwili vya heshima ambavyo mama wa Kirundi hujitanda siku kubwa, na alikuwa akijifunga mbele ya kile kioo chetu cha nusu, anafungua, anajifunga tena, kwa kuwa Tanzania hakuwa amefundishwa. "Nimekaa vizuri?" akaniuliza. "Nitasimama pale pale pangu, usiwe na wasiwasi. Nataka kusikia tu."

Ulikuwa wakati wa kiangazi, uwanja wote vumbi, wazazi wamekaa kwenye mabenchi upande mmoja na sisi tumepanga mistari upande wa pili. Direkta akasoma darasa moja moja. Akafika la sita. Wa kwanza akawa mvulana mmoja wa mjini, baba yake akaja mbele, wakapigiwa makofi. Kisha nikasikia jina langu. Wa pili! Kati ya watoto wale wote. Nikatoka mbele, na direkta akasema, "Mzazi wake aje." Nikasimama peke yangu. Akasema tena. Akashusha miwani, akanitazama. "Mzazi wako yuko wapi?"

"Hayuko."

"Hayuko vipi?"

"Amekwenda Tanzania," nikasema.

Na hapo hapo nyuma ya uzio vikapigwa vigelegele. Vilikuwa virefu, vya kanisani, Muyinga nzima hakuna mwingine aliyepiga vile. Watu wote wakageuka. Minyaa ilikuwa inatikisika, mikono miwili imeitanua, na katikati uso wa Mama na ile imvutano imekaa upande. Alikuwa anacheka. Sijui kama alikuwa amenisikia. Mpaka leo sijui, na sijawahi kuuliza.

"Si ndiye huyo?" wazazi wakasema. Direkta akampungia mkono aingie. Mzee mmoja akaita kwa Kirundi, mama, karibu, pita hapa mlangoni! Mama akatikisa kichwa. Wakamwita tena, akatikisa kichwa tena, akarudi nyuma hatua moja. Mama Jeannette akainuka kwenye benchi na mtoto wake mchanga mgongoni, akaenda mpaka kwenye uzio, na sauti yake ilifika mpaka kwangu. "We uko unakataa kuingia juu ya nini? Si mtoto wako huyu? Iko anakungoja!" Sikusikia alichojibiwa. Niliona tu Mama anamsukuma begani kwa kupitia kwenye vijiti vya minyaa, anamwonyesha mimi, anamsukuma tena.

Ndivyo ilivyokuwa Mama Jeannette akaja kunishika mkono. Alicheza kidogo mbele ya watu, akapokea biletini yangu na madaftari mawili ya zawadi, akasaini kwa alama ya kidole. Direkta akamngoja amalize, kisha akasema kwa wazazi, bila kupunguza sauti, "Mnaona? Mtoto anafaulu hivi, na mzazi anaona uzito kupiga hatua ishirini. Wanatuletea kiburi kutoka huko walikotoka." Wazazi wakaguna, wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, si mtoto mchanga. Nilijua kila kitu, na nilinyamaza, nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi chini ukutani, macho yamevimba, machozi yanachuruzika mpaka shingoni. Nikajua yamenifika. Nikajua amesikia, ameelewa, analia kwa ajili yangu. Nikakimbilia kwenye migomba nikajificha, nikakaa huko nikingoja kuitwa, na moyoni, nawaambia kweli, nilikuwa kama nimepumzika. Nilisema sasa atanipiga, na atakapomaliza kunipiga nitakuwa mtu.

Kumbe haikuwa hivyo. Alipoitanua minyaa ili anione, ule utomvu ulimrukia machoni. Ukiingia machoni huo unachoma kama pilipili na zaidi, na unaweza kukupofusha kabisa. Nilipotoka kwenye migomba nilimkuta Mama Jeannette amemlaza kichwa kwenye paja lake, amefungua blauzi, anamkamulia maziwa yake ya kunyonyesha kwenye jicho moja, kisha jingine, ndiyo dawa wanayoijua watu wa kule. Mtoto wake amewekwa kwenye mkeka analia, ananyimwa haki yake. "Usifumbe! We fungua jicho, bambe!" anamwambia. Mama alikuwa anauma meno.

"Mama yako kichwa yake ni nguvu," akaniambia Mama Jeannette. "Wanamwita aingie, anakataa."

"Walikuwa wananijaribu," Mama akasema na macho yamefumbwa. "Ofisini wanafanyaga hivyo. Wanakuita uingie, ukishaingia wanakuuliza nani amekuruhusu. Mtoto wangu wangemfukuza siku yenyewe ya kushinda. Sikuingia mimi!" Alikuwa anajisifu. Alikuwa amewashinda.

Mama Jeannette alinitazama, hakuelewa, akamtazama Mama, akaona ni maumivu yanamsemesha. Akachukua mtoto wake akaenda. Mama akanyoosha mkono hewani kunitafuta. "Uko wapi? Lete hiyo biletini." Nikaileta. Macho yake hayakufunguka siku ile, wala ya pili. "Niwekee kidole kwenye namba yako," akasema.

Nikakishika kidole chake. Kilikuwa na nyufa za jembe na harufu ya maziwa. Nikakiweka pale palipoandikwa kwamba mimi ni wa pili, na nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Nikasema, "Ni hapa, Mama."

"Hapa," akasema, akakibonyeza.

Macho yalipona, Mungu ni mwema, isipokuwa la kushoto ambalo hutoa machozi likipigwa na upepo. Mimi niliandikishwa shule ya mbele, nikaja Gitega, nikasoma, nikapata kazi, nikaolewa. Kila nilipokwenda Muyinga nilipanga kumwambia. Nilipanga njia nzima, Karusi mpaka Muyinga, na nilipofika alikuwa ameniwekea maji ya kuoga, ameyateka mwenyewe.

Sasa turudi kwenye karatasi ya Ornella. Nilipochoka kushika nyanya za watu nilikwenda nyumbani, na ikawa kama nilivyosema. Mama alifuta mikono, akavuta kiti, akamweka Ornella pajani. "Haya, nisomee." Niliisoma. Mara hii Kifaransa nakijua, nilikisoma mstari kwa mstari na kukieleza kwa Kiswahili, sikuongeza, sikupunguza. Zilikuwa kanuni tisa. Ya tisa ilikuwa ile ile ya zamani: wazazi na walezi wote wanaombwa kufika. Niliisoma mara mbili.

Mama akamshusha mtoto, akaenda chumbani, akarudi na Biblia. Akafungua karatasi ya mwisho. Ule mwandiko wa kulala ulikuwa bado upo, penseli imefifia, mstari juu ya mstari, mpaka wa chini kabisa. Akaweka kidole.

"Na ile ya sisi wa Tanzania? Huku Gitega bado ipo?"

Hapo ndipo pangu. Miaka yote nilikuwa nikisema, siku akiniuliza mwenyewe nitamwambia. Ameniuliza. Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi, dirisha lilikuwa wazi. Ornella alikuwa ananitazama, anasubiri na yeye.

"Waliitoa, Mama," nikasema.

"Waliitoa!" Akapiga mkono pajani. "Bwana asifiwe. Walifanya vizuri, maana ile iliniuma, sitaki kukuficha. Waliitoa lini?"

"Zamani kidogo."

"Zamani lini? Ulikuwa bado unasoma kule?"

"Hapana," nikasema. "Baadaye."

"Basi afadhali," akasema. "Nilidhani labda niliikosa siku yako bure." Akaomba penseli ya Ornella, akapiga mstari juu ya ile ya kumi na mbili, taratibu, asitoboe karatasi ya Biblia.

Siku ya kufungua alivaa imvutano yake mwenyewe, siku hizi anajua kujifunga. Tulipofika getini alisimama kidogo, kwa mazoea, halafu akanitazama na kucheka, akamshika Ornella mkono, wakaingia. Nilimwona anavua viatu mlangoni mwa darasa. Nilisikia sauti yake, ile ya kanisani, inamwamkia mwalimu. Wazazi walikuwa wanaingia na kutoka, mmoja akaniuliza mbona siendi na mimi kumwona mtoto. Nikamwambia sina haraka, yupo bibi yake, nikabaki nje ya uzio.